Kuishi vizuri na majirani Ujerumani: mwongozo kamili kwa anayetoka Afrika Mashariki

Septemba 2024 serikali za Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya kuwafungulia njia wafanyakazi wenye ujuzi kwenda kufanya kazi Ujerumani. Kabla ya hapo, na hadi leo, vijana kutoka Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi wamekuwa wakienda huko kusoma chuo, kuishi na familia kama au pair, yaani kijana anayekaa na familia na kusaidia kulea watoto, na kujifunza uuguzi. Wengi hufundishwa lugha, hufundishwa habari za bima na benki, kisha huachwa peke yao mbele ya mlango wa jirani. Hapo ndipo wengi huumia. Mtu aliyezoea kusalimiwa na mtaa mzima anakaa miezi katika jengo lenye fleti kumi bila kuulizwa hata anatoka wapi. Anaamua kwamba watu hawa wanaringa, au hawamtaki, na yeye naye anaacha kusalimia.

Ninaandika haya kwa sababu uamuzi huo mara nyingi ni wa haraka mno, na unawanyima watu wetu ujirani ambao upo karibu yao. Kwetu ujirani huanza na maneno na chakula, na kuaminiana huja baadaye. Ujerumani mpangilio umegeuka. Kwanza watu wanaangalia kama unaaminika: unatunza saa, unatenga taka, unapokea kifurushi cha mwenzako na kukikabidhi salama. Mazungumzo yanafuata, na chakula mwisho kabisa. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa kufuata mpangilio huo.

Hatua ya 1: Soma kanuni za jengo kabla ya kutia saini

Mkataba wa pango kwa kawaida huja pamoja na karatasi iitwayo Hausordnung, yaani kanuni za jengo. Isome kabla ya kuweka saini, hata kwa msaada wa mtu au wa programu ya kutafsiri. Humo utakuta saa za utulivu, zamu za kufagia ngazi, mahali pa kuweka baiskeli, kama viatu na kigari cha mtoto vinaruhusiwa kukaa nje ya mlango, na saa za kutumia chumba cha kufulia. Kwetu mambo ya namna hii mtu huyajua kwa kuishi na watu. Asipoyajua, mjumbe wa nyumba kumi au mama wa nyumba ya pili atamwambia. Kule yameandikwa, na kila mpangaji atachukulia kwamba umeyasoma.

Kisha shughulikia jina lako. Fleti nyingi za Ujerumani hazina namba. Mtu wa posta hutafuta jina la ukoo kwenye kengele na kwenye sanduku la barua, na asipoliona barua hurudi ilikotoka, ikiwemo ya benki na ya idara ya uhamiaji. Mwombe mwenye nyumba au Hausmeister, msimamizi wa jengo, akubandikie jina wiki ileile unayohamia. Ndani ya wiki mbili pia unatakiwa kisheria kujiandikisha katika ofisi ya wakazi, ukiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia. Jina kwenye kengele lina kazi nyingine pia: majirani watalisoma kabla hawajakuona uso. Jengo zima litajua kuna mtu mpya ghorofa ya tatu na anaitwa nani, hata kama hakuna aliyekuuliza.

Hatua ya 2: Jitambulishe wewe, usisubiri kukaribishwa

Kwetu mgeni hupokewa. Majirani huja kumwangalia, mmoja analeta maji, mwingine anauliza kama ana watoto. Ujerumani anayehamia ndiye anayepaswa kuanza, na hili pekee limewaponza wengi: mgeni anakaa ndani akisubiri kukaribishwa, na majirani wanasubiri ajitokeze. Pande zote mbili zinaona upande wa pili hauna adabu.

Chagua siku ya kawaida kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku, au Jumamosi mchana. Usiende Jumapili asubuhi. Gonga kengele za fleti zilizo kwenye ghorofa yako, ya juu yako na ya chini yako. Jengo zima si lazima. Simama hatua moja mbali na mlango na useme: „Guten Tag, ich bin neu im dritten Stock eingezogen. Mein Name ist…“ Maana yake: habari za mchana, mimi ni mgeni, nimehamia ghorofa ya tatu, jina langu ni… Taja jina lako la ukoo. Kama utatoboa kuta au kupanga makabati siku hizo, sema na hilo, uombe radhi mapema. Mazungumzo yataisha kwa dakika mbili, mlangoni palepale. Usingoje kuambiwa uingie, na usichukulie kusimamishwa mlangoni kuwa ni kufukuzwa. Mlango wa Mjerumani ni mpaka wa kweli. Kuingia ndani ni jambo la kualikwa, kwa siku na saa.

Ndiyo maana hodi ya ghafla, ile ya kupita tu na kusema „nimeona nikujulie hali“, haifai mwanzoni. Jirani aliyefungua mlango akiwa na uso wa mshangao hajakuchukia. Anadhani kuna dharura.

Salamu ya ngazini, kwa upande mwingine, usiikose hata siku moja. Kila unayepishana naye, „Guten Tag“ au „Hallo“, kaskazini kule Hamburg utasikia „Moin“ kuanzia asubuhi hadi usiku, na Bavaria „Grüß Gott“ au „Servus“. Watu husalimiana hata wanapoingia kwenye chumba cha kusubiri cha daktari. Lakini salamu ni hiyo moja. Ule mlolongo wetu wa habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za tangu juzi hauna nafasi pale, na ukimwuliza mtu usiyemfahamu hali yake, ama atashangaa ama atakujibu kwa kirefu kweli, na mgongo unaomuuma. Mtu mzima usiyemzoea mwite Herr au Frau na jina la ukoo, na utumie Sie, kiwakilishi cha heshima. Aliyekua akitoa shikamoo hatapata shida hapa: mkubwa ndiye anayekuruhusu kushuka kwenye du, kiwakilishi cha waliozoeana, nawe husubiri akupe.

Ukisalimia na mtu akapita kimya, endelea kumsalimia kesho yake. Nimewaona wazee waliokaza nyuso mwaka mzima wakaja kuwa ndio wa kwanza kuuliza „ulikuwa wapi?“ mpangaji aliporudi kutoka likizo.

Hatua ya 3: Tunza saa za utulivu kama ahadi

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na mizozo mingi ya majirani huanzia hapa.

Usiku wa utulivu kwa kawaida ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Baadhi ya majengo huongeza mapumziko ya mchana, saa saba hadi saa tisa. Jumapili na sikukuu ni utulivu siku nzima. Jumapili ina ulinzi wa katiba: ibara iliyoitaja kuwa siku ya mapumziko ilikuwemo katika katiba ya zamani ya Ujerumani ya 1919, iitwayo ya Weimar, na Sheria ya Msingi ya 1949, yaani katiba ya sasa, ikaichukua kama ilivyo. Ndiyo sababu maduka mengi hufungwa siku hiyo, na ndiyo sababu mtu anayetoboa ukuta Jumapili baada ya ibada huonekana amefanya jambo baya hasa, hata na majirani wasiokwenda kanisani. Hata chupa kwenye makontena ya vioo barabarani hazitupwi Jumapili, kwa sababu ya mlio.

Kwa maisha yetu, mambo haya yana maana ifuatayo. Kutwanga kwenye kinu kilichowekwa sakafuni kunasikika fleti ya chini kama nyundo. Twanga mchana siku za kazi, juu ya taulo lililokunjwa mara nne, au tumia mashine ya kusagia. Spika yenye besi kubwa hupita ukutani hata sauti ikiwa chini, basi iinue kutoka sakafuni au uvae za masikioni. Simu ya nyumbani usiku, ile ya kuongea kwa nguvu kwa sababu mtandao unakatika, usiipigie barazani wala ngazini. Ngazi za majengo ya zamani zina mwangwi, na kuagana kwetu huchukua muda. Wageni wako waage ndani, kisha washuke kimya. Viatu vya visigino vivue mlangoni.

Mashine ya kufulia na ya kufyonza vumbi zipumzishe Jumapili kama kanuni za jengo zinasema hivyo, na nyingi husema. Wauguzi na wengine wa zamu za usiku huuliza kama wanaruhusiwa kuoga wakirudi saa saba usiku. Ndiyo. Mahakama za Ujerumani zimeshaamua kwamba kuoga usiku hakuwezi kukatazwa moja kwa moja, ila usikae kwenye maji muda mrefu. Pia mwambie jirani wa chini kwamba unafanya kazi za zamu. Akishajua kwamba maji ya usiku ni ya mtu aliyetoka kuhudumia wagonjwa, uwezekano wa kulalamika hupungua sana.

Sherehe zinawezekana. Siku nne au tano kabla, bandika karatasi ngazini karibu na masanduku ya barua: „Liebe Nachbarn, am Samstag feiern wir Geburtstag. Es könnte etwas lauter werden. Falls es stört, klingeln Sie bitte bei uns.“ Yaani: majirani wapendwa, Jumamosi tunasherehekea siku ya kuzaliwa, huenda kelele zikazidi kidogo, zikiwasumbua tafadhali gongeni kengele yetu. Weka jina, ghorofa na namba ya simu. Karatasi hiyo haikupi ruhusa ya kupiga muziki hadi alfajiri. Saa nne ikifika, punguza sauti na ufunge madirisha. Kuna maneno yanayozunguka kwamba kila mpangaji ana haki ya sherehe moja ya kelele kila mwezi. Sheria ya namna hiyo haipo. Faida ya karatasi ni kwamba jirani atakuja kwako kabla ya kupiga simu polisi, na wengine watakutakia heri.

Watoto wana nafasi yao. Mwaka 2011 sheria ilibadilishwa ili kelele za watoto kwenye viwanja vya kuchezea na shule za awali zisihesabiwe kwa kawaida kuwa usumbufu unaodhuru. Mtoto mchanga akilia usiku, hakuna wa kukulaumu kisheria. Kukimbizana chumbani saa tano usiku ni habari nyingine. Zulia nene na soksi vinasaidia.

Hatua ya 4: Taka, ngazi na theluji

Mapipa hutofautiana kidogo kati ya mji na mji, lakini kwa sehemu kubwa la bluu ni la karatasi, la njano au mfuko wa njano ni la vifungashio vya plastiki na makopo, la kahawia ni la maganda na mabaki ya chakula, na jeusi au la kijivu ni la vinavyobaki. Vioo hupelekwa kwenye makontena ya mtaani kwa rangi zake. Bandika mwongozo wa manispaa ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Uchungu wa majirani hapa una sababu ya pesa: pipa lililochanganywa linaweza kuachwa bila kuchukuliwa, na gharama ya kulizoa hugawiwa wapangaji wote. Katika jengo lenye mgeni mmoja, mgeni ndiye wa kwanza kushukiwa, kwa haki au bila haki. Tenganisha vizuri kuliko wote na usiwape mwanya.

Chupa na makopo yenye amana, yaani pesa kidogo unayolipa wakati wa kununua na kurudishiwa baadaye, hurudishwa dukani: senti 25 kwa kopo na chupa ya plastiki ya kutumika mara moja, senti 8 kwa chupa nyingi za bia, 15 kwa nyingi zinazojazwa tena. Usipotaka kuzirudisha, ziache kando ya pipa la mtaani, kwa kuwa wapo watu wanaoziokota kwa ajili ya riziki.

Kusini-magharibi, hasa Stuttgart na vitongoji vyake, utakutana na Kehrwoche, wiki ya zamu ya kufagia. Kibao kinatundikwa kwenye mlango wako, wiki hiyo ni yako: ngazi, ukumbi wa chini, wakati mwingine hadi njia ya nje. Fanya mchana, uonekane, kisha kitundike kibao kwa jirani anayefuata. Ukisafiri, badilishana zamu mapema. Sehemu nyingine mwenye nyumba hulipa kampuni ya usafi, na wewe hulipia ndani ya gharama za pango. Theluji nayo: kama mkataba wako unasema mpangaji anaondoa theluji, njia mbele ya jengo iwe imesafishwa tangu saa moja hivi asubuhi siku za kazi. Tumia mchanga au kokoto ndogo, maana miji mingi imekataza chumvi. Bibi wa ghorofa ya chini akiteleza, lawama ni za aliyekuwa zamu.

Waliokulia katika majengo ya Michenzani kule Zanzibar, yaliyopangwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, watacheka kidogo wakiona ngazi za Leipzig au Rostock, miji ya iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Umbo la nyumba watalifahamu. Maisha ya ngazini ndiyo tofauti: hakuna anayekaa kwenye kizingiti kupunga upepo na kupiga soga.

Hatua ya 5: Harufu, hewa na nyama ya kuchoma

Ukikaanga samaki, ukichemsha dagaa au ukiunga pilau, fungua dirisha la nje. Kufungua mlango wa fleti ili moshi utokee ngazini huwaudhi watu wote wa juu yako. Kila siku, hata baridi ikiwa kali, fungua madirisha wazi dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu, kisha uyafunge. Nyumba isiyopata hewa huota ukungu, na mwenye nyumba anaweza kukudai. Mkaa barazani mara nyingi umekatazwa na mkataba. Nyama choma ipeleke kwenye bustani zenye maeneo yaliyotengwa, kama Tempelhofer Feld mjini Berlin, ambako wakati wa kiangazi utakuta familia za kila taifa na moshi wao.

Hatua ya 6: Kifurushi, maua, ufunguo

Hapa ndipo urafiki wa jengo unapozaliwa, na ningeomba usipite haraka.

Ukiwa hupo, mleta vifurushi humwachia jirani yeyote aliyepo na kuacha kadi kwenye sanduku lako. Kama unafanya kazi za zamu na mara nyingi uko nyumbani mchana, utakuwa mtu muhimu sana katika jengo. Pokea vifurushi vya wenzako. Viweke pakavu, usivifungue, usiulize ndani kuna nini. Jirani atakuja jioni na kadi, atakushukuru, na mtazungumza dakika tatu zaidi ya kawaida. Baada ya mara kadhaa ataanza kukuambia habari za mama yake mgonjwa au mtoto aliyeanza shule. Nawe ukienda kuchukua chako, nenda siku hiyohiyo kabla ya saa mbili usiku, na usikiache kwake wiki nzima.

Daraja linalofuata ni safari. Wajerumani wengi husafiri wiki mbili au tatu za kiangazi na huhitaji mtu wa kumwagilia maua na kutoa barua kwenye sanduku. Akikuomba wewe, ujue umepanda. Fuata maelekezo yake kama alivyoyaandika, hata kama yameandikwa kwa kila chungu cha maua. Usikae kwenye kochi lake wala usiingie na rafiki. Akirudi atakuletea jibini, chokoleti au chupa. Ukienda nyumbani, nawe mwombe, na umletee kahawa ya Kilimanjaro, chai ya Kericho au viungo vya Zanzibar, kiasi kidogo. Zawadi kubwa humtia mtu wasiwasi, anaanza kuhesabu anadaiwa nini.

Daraja la juu ni ufunguo. Milango mingi ya fleti za Ujerumani ina kitasa kisichozunguka kwa nje: ukitoka kutupa taka na mlango ukajifunga nyuma yako, uko nje, na ufunguo uko ndani. Fundi wa kufuli usiku au Jumapili anaweza kukutoza mamia ya euro. Ndiyo maana watu huachiana funguo za akiba. Usimwombe mtu jambo hili mwezi wa kwanza. Kikipita angalau kiangazi kimoja cha maua na barua, sema wazi: „Naweza kuacha ufunguo wangu wa akiba kwako?“ Mara nyingi atakupa na wa kwake.

Kuazima nako kupo. Mayai mawili, unga, drili ya kutoboa ukuta, ngazi ya kupandia. Rudisha drili siku hiyohiyo, ikiwa safi, na mayai rudisha mayai. Kwetu chumvi ya jirani haihesabiwi, na kuirudisha kunaweza hata kuonekana kama kumtenga mtu. Kule kurudisha ndiko kunakomfanya akuazime tena kwa moyo mweupe.

Hatua ya 7: Mwaliko, na sahani inayorudi tupu

Mwaliko wa kwanza mara nyingi huwa kahawa na keki, Jumamosi au Jumapili, saa tisa au saa kumi alasiri. Utapangwa wiki mbili kabla, na daftari la ratiba litafunguliwa. Fika kwa wakati. Dakika tano za kuchelewa si neno, robo saa na zaidi inahitaji ujumbe. Usifike mapema pia, maana meza bado inaandaliwa. Beba maua, au chokoleti, au kitu ulichopika. Uliza kama uvue viatu. Nenda na mtu uliyealikwa naye tu. Binamu aliyefika juzi kutoka Nairobi mwulizie kwanza.

Sasa sikiliza hili vizuri. Ukiulizwa kama utapenda kipande kingine ukasema hapana kwa adabu, ukitegemea ubembelezwe, hutabembelezwa. Kwetu mgeni hukataa, mwenyeji husisitiza, mgeni huonja, na kila mtu ameridhika. Kwao kusisitiza baada ya hapana ni kutomheshimu mtu. Sema ndiyo mara ya kwanza kama unataka. Nawe ukiwa mwenyeji, usimpakulie jirani mara ya tatu baada ya yeye kusema ameshiba; atakula kwa taabu na ataogopa kurudi. Saa ya kuondoka ikikaribia, sema wewe. Pale hakuna „mbona mapema hivyo, kaa ule cha usiku“, isipokuwa mmeshakuwa ndugu.

Mwaliko wa kurudisha ufanye wewe ndani ya miezi michache. Pika cha kwenu bila kujitisha: pilau, sambusa, maharage ya nazi. Uliza kabla kama wanakula nyama, kwa kuwa wasiokula ni wengi, na taja pilipili.

Wenye desturi ya kupeleka chakula kwa majirani wakati wa futari na Idi, kama tunavyofanya Mombasa, Unguja na kwingineko pwani, msiiache. Ambatanisha kikaratasi: leo ni sikukuu yetu, hiki ni kitu fulani, ndani kuna nazi, karanga au hakuna. Mtu mwenye mzio atashukuru. Sahani yako itarudi imeoshwa, inang’aa, na tupu. Usinune. Desturi ya kutorudisha sahani tupu hawana, na kuiosha vizuri ndiyo adabu yao. Subiri Desemba: uwezekano ni mkubwa ukakuta mfuko wa biskuti za Krismasi umetundikwa kwenye kitasa chako, bila hodi, bila mtu.

Hatua ya 8: Jirani akilalamika

Atakuja mwenyewe au ataandika karatasi. Atasema moja kwa moja: „Jana muziki ulikuwa juu mno.“ Hatazunguka, hataanza na habari za watoto. Kwa sikio letu ni kama kutukanwa. Kwa kipimo chao, aliyekuja mlangoni amekupa heshima ya kuzungumza nawe kabla ya kwenda kwa mwenye nyumba. Jibu kwa ufupi: „Das tut mir leid, ich achte darauf.“ Yaani: samahani, nitakuwa mwangalifu. Kisha rekebisha kweli. Kesho yake msalimie kama kawaida. Utashangaa jinsi anavyokusalimu naye, kwa sababu kwake jambo limekwisha.

Wewe ukiwa na lalamiko, fanya vilevile. Usilipeleke kwa jirani wa tatu ulilalamikie huko. Nenda mchana, mtu akiwa hana haraka, taja jambo moja, siku na saa, na unachoomba.

Hatua ya 9: Ukimya ni kitu kimoja, ubaguzi ni kingine

Si haki kumwambia mtu mweusi kwamba kila anachokiona ni tofauti ya desturi tu. Ubaguzi upo, na anayeishi nao anaujua. Kipimo changu ni hiki: je, anawatendea wote hivyo? Jirani asiyesalimia mtu yeyote ni mkimya. Jirani anayewachekea wote na kukugeuzia kisogo wewe tu, anayekuitia polisi kwa kelele zisizokuwapo, au anayetaja rangi yako na nchi yako, huyo ni kitu kingine na hukuamriwa kumbembeleza kwa sambusa.

Andika tarehe, saa, maneno na mashahidi. Mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi. Jiunge mapema na Mieterverein, chama cha wapangaji cha mji wako. Kwa ada ya mwaka utapata ushauri wa kisheria. Sheria ya usawa iitwayo AGG, iliyoanza 2006, inagusa pia mambo ya kupangisha nyumba, na ofisi ya shirikisho ya kupinga ubaguzi, Antidiskriminierungsstelle des Bundes, hutoa ushauri bila malipo. Ukitishiwa, piga 110. Na usikae na uchungu huo peke yako. Waambie majirani wanaokusalimu, wengi watasimama upande wako wakijua.

Hatua ya 10: Marafiki watafute nje ya jengo

Ujirani mwema wa Kijerumani unaweza kudumu miaka bila kuwa urafiki, na hilo halina kasoro. Rafiki wa ndani hupatikana kwa kukutana mara kwa mara kwenye shughuli ileile, na shughuli zao nyingi zimo ndani ya Verein, vyama vilivyosajiliwa. Vipo zaidi ya laki sita: mpira, kwaya, sarakasi, chesi, bustani ndogo za kukodi. Chagua kimoja, lipa ada, nenda kila wiki, baki kusaidia kupanga viti. Kijijini kikosi cha zimamoto cha kujitolea mara nyingi ndicho moyo wa kijiji. Karibu kila mji una Volkshochschule, ambako watu wazima husoma lugha, upishi na ufundi kwa bei nafuu. Ukipewa nafasi ya kufundisha mapishi ya pwani huko, ichukue.

Usikate tamaa katika majira ya baridi. Desemba giza huingia saa kumi alasiri na watu hujifungia. Ikifika Mei, wale wale hukaa nje hadi usiku na huzungumza na kila mtu.

Furaha, msiba na kuhama

Siku ya kuzaliwa ya jirani usimpongeze kabla ya tarehe. Huaminika kuleta mkosi. Msiba ukitokea kwake, usipange kwenda kukaa matanga. Weka kwenye sanduku lake kadi ya rambirambi iliyoandikwa kwa mkono, yenye mistari miwili mitatu, na ukikutana naye mpe mkono. Mazishi yanaweza kuwa baada ya wiki kadhaa, na huhudhuriwa na waliotajwa au walioona tangazo. Baada ya hapo ndipo nafasi yako ilipo: wiki ya tatu au ya nne, wengine wakiwa wamesharudi kwao, mwulize kama anahitaji kitu dukani. Watu wengi wamenyamaziwa wakati huo, na swali hilo hulikumbuka.

Msiba ukiwa wako, na ndugu wanakuja kwako kwa makundi kukupa pole, bandika karatasi ngazini useme umefiwa na kwamba watu watakuja siku mbili tatu. Ukikaa kimya watadhani ni sherehe. Ukisema, usistaajabu kadi zikianza kuingia kwenye sanduku lako kutoka kwa watu ambao hamjawahi kuongea.

Siku ya kuhama, pita kwa wale wa ghorofa yako uwaage. Rudisha funguo za watu mkononi mwao, usiziache kwenye sanduku, na uchukue zako. Jaza fomu ya posta ya kuhamisha barua, na mwachie jirani mmoja namba yako ya simu kwa ajili ya vifurushi vitakavyochelewa. Kama unamfahamu anayehamia baada yako, mpeleke umtambulishe kabla hujaondoka.